Barua kwa mjomba wangu, fundi chokaa wa Kilwa

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai hujambo wewe na wote hapo nyumbani, na lile goti limekupa nafuu. Sisi huku tu wazima, ila baridi haijatuachia ingawa mwezi wa nne unakwisha.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nina maneno juu yako ambayo nataka na wengine wayasikie. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Nimetembelea ngome za kale vijijini Ufaransa, na kila nilipoinua macho kwenye ukuta nilikuona wewe, umepanda kwenye mirunda, mwiko mkononi, kanzu kuukuu imefungwa kiunoni.

Nilianza na Coucy, kaskazini, si mbali sana na Lille ninakoishi. Ni kijiji kidogo juu ya kilima, mashamba yamekizunguka mpaka upeo wa macho. Nilifika mchana, duka la mkate limefungwa, njiani hakuna mtu, mbwa mmoja tu amelala kivulini. Ngome yenyewe ilijengwa karne ya 13 na bwana aliyeitwa Enguerrand III. Katikati yake ulisimama mnara wa duara wenye urefu wa mita 54. Chukua minazi miwili mirefu, umsimamishe mmoja juu ya mwenzake, ndipo utakapoufikia. Mwezi wa tatu mwaka 1917 jeshi la Wajerumani lilipokuwa likirudi nyuma lilitia tani 28 za baruti chini yake na kuulipua. Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria, alikuwa jemadari wao wenyewe, naye aliomba mnara uachwe. Hakusikilizwa. Leo pale uliposimama pana kilima cha kifusi, na Wafaransa hawakuujenga tena. Waliacha mawe yalale yalivyoanguka, ili anayepita aone kilichotendwa.

Nilikaa juu ya kifusi kile muda mrefu. Halafu nikafanya ulichonifundisha nikiwa mtoto pale Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani: nikaweka ukucha kwenye kiungo cha mawe mawili. Chokaa, mjomba! Chokaa na mchanga, imekuwa ngumu kama jiwe lenyewe, na ndani yake vidonge vyeupe vidogo kama punje za mchele. Nilicheka peke yangu, maana nilikusikia ukisema vilevile ulivyokuwa ukimwambia yule kijana wa kuchanganya: "Donge jeupe ni uvivu wa mkono." Basi karibu miaka 800 iliyopita, huko nako, kulikuwa na kijana aliyechoka kabla chokaa haijakolea.

Jambo moja lilinitatiza. Kwenye kuta zilizobaki kuna matundu ya mraba, yanayoingia mkono mzima, yamepangwa mistari kwa mistari kutoka chini hadi juu. Nilidhani ni ya kurushia mishale, lakini mengine hayatokei upande wa pili. Nikaondoka bila jibu.

Jibu nililipata wiki mbili baadaye huko Guédelon, na hasa ndiko kulikonifanya nikuandikie. Guédelon iko Burgundy, msituni, katika mkoa wa Yonne. Si gofu. Ni ngome inayojengwa sasa hivi, tangu mwaka 1997, kwa zana na ujuzi wa karne ya 13 tu. Hakuna winchi ya umeme, hakuna mashine ya kuchanganya zege, hakuna saruji. Jiwe linatoka kwenye machimbo palepale, mti unatoka kwenye msitu uleule, udongo wa vigae nao ni wa palepale. Mhunzi anakaa karibu na machimbo, kwa kuwa patasi zinapoteza makali siku nzima na lazima zirudi motoni.

Nilimtazama mpasua mawe mmoja kwa saa nzima. Kwanza alilizunguka jiwe, akaligonga huku na huku kwa nyundo, akasikiliza. Wewe unafanya hivyohivyo! Akatoboa vishimo kwa mstari, akachomeka kabari za chuma, akazipiga moja baada ya nyingine, polepole, akirudi mwanzo kila alipofika mwisho. Mlio ulikuwa ukibadilika, kutoka mkali hadi mzito. Halafu akaacha kupiga, akasubiri. Jiwe likapasuka lenyewe, kwa sauti ndogo kama ya kuni kavu.

Mawe yakishachongwa hupandishwa kwa gurudumu kubwa la mbao ambalo watu huingia ndani na kutembea, kamba inajizungusha kwenye mhimili, na jiwe la mamia ya kilo linakwenda juu taratibu. Juu waashi wanapima kwa timazi na kwa kamba yenye mafundo 13. Kwa kamba hiyo wanapata pembe mraba: wanaikunja pembetatu, upande mmoja nafasi tatu kati ya mafundo, wa pili nne, wa mwisho tano. Na kule juu ndiko nilikoyaona matundu yangu ya Coucy. Safari hii yalikuwa na kazi: magogo yamechomekwa ndani ya ukuta, juu yake mbao, na juu ya mbao waashi. Ukuta ukipanda, magogo yanachomolewa na kuhamishiwa juu, na tundu linabaki. Kumbe nilichokiona Coucy ni nyayo za mafundi, zikipanda ukutani hatua kwa hatua.

Mjomba, watu wanalipa kiingilio kutazama hayo. Zaidi ya laki mbili na nusu kwa mwaka, na fedha zao ndizo zinazolipa mishahara ya mafundi na kuendeleza ujenzi. Watoto wa shule walikuwa wameketi chini, kimya, wakimtazama mtu akichanganya chokaa na mchanga. Nikakumbuka miaka yote uliyochanganya chokaa. Nani amewahi kusimama kukutazama, zaidi ya mimi na mbuzi wa jirani? Nikakumbuka pia yule mkandarasi aliyekuja na mifuko ya saruji kukarabati msikiti wa zamani. Ulimweleza kwamba ukuta wa matumbawe unapumua, kwamba saruji inaufungia maji na chumvi ndani. Akakwambia wewe ni mtu wa zamani. Plasta yake ilianza kubanduka baada ya masika mawili tu, na imeondoka na vipande vya matumbawe. Hakuna aliyerudi kukuomba radhi.

Nami sijasahau Wafaransa walikuwa nani kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Nilitembea katika nchi yao nikiwa nalo hilo kifuani. Kwa hiyo wenye ngome hawakunivutia, si wa huku wala wa kwetu. Mabwana wa Coucy walijisifu kwamba wao si wafalme wala wana wa wafalme, wao ni mabwana wa Coucy, na majivuno yao yameandikwa. Waashi wao hawakuandikwa. Kule Aigues-Mortes, kusini karibu na bahari, niliwahi kuonyeshwa alama ndogo zilizochongwa kwenye mawe ya ukuta wa mji: kila mchongaji na yake, ili ahesabiwe mawe na kulipwa. Hayo ndiyo majina yao yote. Waliojenga Husuni Kubwa, lile jumba la masultani wetu wa Kilwa, hatuna hata alama zao.

Lakini kazi yao bado ina mikono. Kanisa la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua paa mwaka 2019, wengi walidhani hakuna tena wajuao kuchonga mbao zile kwa shoka. Walikuwapo. Baadhi yao walikuwa wamejifunzia palepale Guédelon, na paa limerudi.

Sasa nina ombi, na usilikatae haraka. Usiwagawie watu vyombo vyako. Nimesikia umeshampa mtu mwiko mmoja na ile nyundo ya kuchongea matumbawe, kwa kuwa eti hakuna kijana anayetaka. Mwanao mdogo aliniambia mwaka jana kwamba angependa kujifunza, ila anaogopa utamwambia atafute kazi ya ofisini. Muite. Tanuru lijalo la kuchomea chokaa nitagharamia mimi, kuni na vibarua, na yeye akae nalo usiku kucha kama ulivyonikalisha mimi.

Na kuna swali nimelibeba. Nilimweleza mwashi mmoja wa Guédelon jinsi tunavyochoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wazi, bila kujenga tanuru la kuta. Aliacha mwiko wake. Akaniuliza magogo yanapangwaje ili moto ushike katikati, na chokaa inaachwa siku ngapi kabla ya kutiwa maji. Nilimwambia magogo yanapangwa mviringo, na katikati linaachwa tundu la moto. La pili sikulijua, nikaona aibu. Nikamwahidi nitamuuliza mjomba wangu.

Mwambie mwanao akurekodi sauti anitumie. Ongea polepole, nitamtafsiria neno kwa neno.

Mpwa wako,
Lille