Usiubadilishe udi kabla hujaupima

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Unasema udi wako wa nyuzi umeanza kukwaruza, vigingi vya kukazia nyuzi havishiki, na kuna duka hapo Nairobi liko tayari kuuchukua likupe kinanda cha umeme, wewe uongeze pesa kidogo. Nakuomba usiupeleke wiki hii. Kwa jinsi ulivyonieleza, udi huo haujaharibika. Umekauka.

Umekaa Mombasa miaka yote, kwenye hewa yenye unyevu hata kaskazi inapovuma, na mbao zake zimezoea kuvimba kidogo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mchana wa Januari na Februari hewa yake hukauka sana. Mbao ikikauka hunywea, tena hunywea kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Uso wa udi ni ubao mwembamba wa milimita 2 hivi. Ukinywea unabonyea, nyuzi zinashuka nao, zinaikaribia shingo na kuigonga. Huko ndiko kukwaruza unakokusikia. Vigingi navyo vinanywea ndani ya matundu yao, ndiyo maana unakaza jioni na asubuhi unakuta uzi umelegea.

Anza na kasha. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vilivyotiwa humo kwa ajili ya kusi, vitoe vyote. Huku pwani vinauokoa udi, huko vinauumiza. Chukua kisanduku cha sabuni chenye matundu, tia kipande cha sponji kilicholoweshwa kikakamuliwa hata kisidondoshe tone, kiweke chini ya shingo pasipo kugusa mbao. Kiloweshe upya kila siku 2 au 3. Nunua kipimo kidogo cha unyevu cha kutia ndani ya kasha, na lengo lako liwe asilimia 45 hadi 55. Usiwe na haraka: mbao ikinyweshwa ghafla huvimba upande mmoja na gundi ikaachia. Upe udi wiki 2. Kwa muda huo legeza nyuzi zote kwa toni moja, kwa sababu zile nyuzi 11 kila mmoja unavuta kilo 3 hadi 4, na mzigo wote uko juu ya daraja, kile kipande zinapofungiwa nyuzi, lililogundishwa kwenye ubao ule mwembamba.

Baada ya hapo rudisha sauti zake, ndipo upime. Mahali pa kupimia ni pale shingo inapokutana na tumbo. Udi wa Kiarabu una uzi wa sentimita 61 hivi kutoka mfupa wa juu, ule wenye mifereji ya nyuzi karibu na vigingi, hadi darajani, na shingo ni theluthi moja ya urefu huo. Simamisha rula hapo: kati ya mbao na uzi pawe na milimita 2.5 hadi 3. Ikizidi 4, vidole vitauma na sauti itapanda kila ukibana. Ikiwa chini ya 2, utasikia mikwaruzo.

Kisha sikiliza uzi mmoja mmoja. Ukikwaruza ukiwa wazi na ukinyamaza ukibanwa, mfereji wake kwenye mfupa wa juu umechimbika; fundi hubadilisha mfupa tu. Ukikwaruza kila mahali unapobana, tatizo ni shingo au uso. Lakini ikiwa ni noti moja tu inayotetema, kwenye uzi wowote utakaoipigia, gonga uso taratibu kwa ncha ya kidole, kuanzia darajani kwenda kwenye matundu. Pakilia kama kitu kilicholegea, taruma mojawapo, vile vijiti vinavyoushikilia uso kwa ndani, limeachia. Hilo nalo linatengenezeka.

Vigingi usivipige msasa wala kuvitia gundi. Kitoe kimoja kimoja, kipake sabuni kavu ya mche pale panapong'aa, kisha chaki kidogo. Sabuni inakifanya kizunguke, chaki inakishika. Kikiteleza, ongeza chaki. Kikigoma, ongeza sabuni.

Na fundi yeyote atakayetaka kutia skrubu kwenye shingo, au ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, mkatalie. Udi hugundishwa kwa gundi ya ngozi, inayofunguka kwa joto na unyevu, ili mtu wa baadaye aweze kuufungua bila kuupasua. Kwa sababu hiyo hiyo usiuache ndani ya gari juani. Nyuzi za chuma za gitaa pia usizitie kamwe, zitang'oa daraja.

Sasa hilo la kubadilishana. Vyombo ambavyo watu huvijutia aghalabu vilitoka mkononi siku vilipokuwa vimechoka au vimepitwa na mtindo, yaani siku bei yake iko chini kabisa. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la Les Paul la rangi ya machweo kati ya 1958 na 1960, ikaacha kwa kuwa halikuwa likinunuliwa. Katikati ya miaka ya 1960 wapigaji wa Uingereza kama Eric Clapton na Keith Richards wakalipenda, na leo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa 1980 hadi 1983, kama 12,000 tu, ikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa sababu haikulia kama ngoma za kweli. Kisha hip-hop ikaitaka sauti ile ile. Hapa kwetu kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarab, tashkota, vile vinanda vidogo vya nyuzi, na kodiani nyingi ziliwekwa kando.

Hicho kinanda, kabla hujakipenda, kiulize kama kina sehemu ya kushusha noti moja moja kwa robo toni. Rast, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu, ukianzia Do unataka Mi na Si zilizoshuka robo toni. Kinanda cha kawaida hakina noti hizo, na udi unazo zote kwa sababu shingo yake haina vyuma vya kugawa noti kama vya gitaa.

Kama shida yenyewe ni pesa, niambie, tuuweke rahani kwa mjomba wako kwa maandishi: kiasi gani, hadi tarehe gani, na kwamba hauuzwi bila wewe kuulizwa kwanza. Ukiamua kuuza kabisa, uza kwa fedha taslimu, usibadilishane, maana kwenye kubadilishana hujui udi wako umehesabiwa shilingi ngapi. Mulika tochi kwenye tundu upige picha ya karatasi iliyomo ndani. Jina kubwa, kama la ukoo wa Nahat, mafundi wa udi wa Damascus, lisikutie wazimu wala mwenye duka asikutishe nalo, kwa kuwa karatasi hizo huigizwa sana. Fundi anayejua huutazama udi wenyewe.

Nitumie picha ya daraja iliyopigwa kutoka ubavuni, na vipimo vya rula kwa uzi wa kwanza na wa mwisho, kabla na baada ya wiki 2. Nitamwonyesha fundi huku, naye atasema kama kuna la kufungua.

Wasalaam,
Mama yako