Barua kwa rubani mwenzangu aliyeko Muscat

Ukonga, Dar es Salaam
12 Mei 2024

Ndugu yangu Baba Nasra,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na kimbunga Hidaya kilichotutia hofu wiki iliyopita kimepita bila kutudhuru hapa Ukonga, ingawa kwa wenzetu wa Mafia mambo yalikuwa mazito zaidi. Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa ukurasa ule wa tatu ulioandika kwa hasira baada ya kusikia kwamba kijana wa shemeji yako, aliyesomeshwa urubani Afrika Kusini kwa fedha za kuuza kiwanja, bado amekaa Tabata na leseni yake kabatini huku marubani wa kigeni wakiendelea kuajiriwa. Unataka mlango ufungwe, na kila mgeni arudishwe kwao vibali vikiisha. Kwa kuwa jambo hilo ndilo linalojadiliwa kila tunapokaa kusubiri abiria, nimeona nisikujibu kwa mistari miwili ya simu.

Nakubaliana na wewe nusu nzima. Mgeni aliyekalia kiti cha kushoto, yaani nahodha mwenye uzoefu, mimi sina ugomvi naye mradi mkataba wake una tarehe ya mwisho na yeye anamfundisha Mtanzania. Mgeni aliyekalia kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi anayeanza, huyo ndiye sioni sababu ya kuwapo kwake katika nchi yenye vijana wenye leseni wasio na kazi. Watu wengi, hata waheshimiwa wanaotusemea, huwachanganya hawa wawili wakawaita wote "wageni", na matokeo yake ni kwamba hoja yetu hushindwa kirahisi mezani, maana mwajiri akitoa mfano wa yule wa kwanza anakuwa amemlinda na wa pili.

Hebu tukumbushane jinsi nahodha anavyopatikana. Kijana anatoka chuoni na leseni ya rubani wa biashara akiwa na takriban saa 200 za kuruka. Ili apate leseni ya juu inayomruhusu kuamuru ndege kubwa ya abiria anahitaji saa 1,500, na ndani yake kuna za usiku, za kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege pekee bila kuona nje na za kuwa yeye mwenyewe kiongozi wa ndege. Akipata kazi nzuri ya Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, atazikusanya kwa miaka miwili au mitatu, kisha anaanza tena kama msaidizi kwenye ndege kubwa zaidi, na bima nayo ina masharti yake, kwa sababu kampuni za bima hutaka nahodha awe na saa kadhaa kwenye aina ileile ya ndege kabla hazijakubali kuibeba dhamana. Tangu siku ya kwanza ya chuo hadi kiti cha kushoto cha ndege ya masafa marefu, miaka kumi si mingi.

Sasa linganisha na kasi ya ununuzi wetu wa ndege za Air Tanzania, shirika letu la taifa. Septemba 2016 zilipokelewa Q400 mbili, zile ndege za mapanga, Julai 2018 ikaja Boeing 787, Desemba mwaka huohuo ikatua Airbus A220, na mwaka jana wa 2023 tukapokea Boeing 767 ya mizigo na Boeing 737 MAX. Hizo ni aina tano za ndege katika muda wa miaka saba, kwa shirika lililokuwa limebakiwa karibu na jina tu, na ambalo marubani wake wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika kutafuta riziki kwingine. Kila aina inadai mafunzo yake, kibali chake kwenye leseni, na manahodha wake. Ndege inatiwa saini mara moja na baada ya miaka miwili au mitatu imefika. Nahodha wa kuirusha alipaswa kuanza chuo wakati ambapo hakuna aliyeota kwamba itanunuliwa. Aliyetarajia Watanzania peke yao wajaze viti vyote vya kushoto kwa ratiba hiyo alikuwa anatarajia muujiza, na mimi sitaki muujiza kwenye chumba cha marubani.

Tena nitasema kwa haki kwamba baadhi ya wageni hawa wametujenga. Nahodha mmoja mzee, mtu wa nchi za baridi, alinifundisha kuitua Q400 kwa namna ambayo sikuipata kwenye simuleta, ile mashine ya kujifunzia kuruka. Ndege ile unajua ilivyo ndefu: ukiinua pua kupita nyuzi sita hivi wakati wa kutua, mkia unaweza kugonga njia, kwa hiyo ikizama kwa kasi kwenye futi za mwisho huiokoi kwa kuvuta usukani, unaiokoa kwa kuongeza nguvu ya injini kidogo. Jambo hili limeandikwa kwenye vitabu vyote. Yeye lakini, siku moja tukiingia Songwe huku ukungu ukianza kushuka kutoka milimani, aliniachia ndege, akaweka kiganja chake nyuma ya mkono wangu ulioshika vishikio vya nguvu ya injini bila kuugusa, na kila nilipotaka kuvuta usukani alisema neno moja tu, "nguvu". Tulipoegesha alitoa daftari akanionyesha mahali alipoandika kosa na mahali alipoandika sifa. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka, na baadhi ya wale aliowafundisha leo wanafundisha wengine. Mtu kama huyo ukimfungia mlango umejifungia mwenyewe.

Lakini nimeruka pia na yule ambaye msimu mzima wa mvua hakumwachia msaidizi wake hata safari moja yenye mawingu, akisema usalama kwanza. Msaidizi alijaza saa kwenye kitabu chake, lakini zilikuwa saa za kuangalia. Tofauti ya hao wawili haikutokana na uraia wao, maana wote walikuwa wageni. Ilitokana na kwamba mmoja alikuja akiwa na jukumu la kufundisha na mwingine alikuja kujaza ratiba.

Na hapa ndipo sheria yetu inaponisikitisha, kwa sababu imeandikwa vizuri. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aeleze jinsi mgeni atakavyomrithisha Mtanzania ujuzi wake, kibali cha kazi kinatolewa kwa miezi 24, na hata kikiongezwa kina kikomo. Kwa karatasi hilo linatosha kabisa. Kwa vitendo, ule mpango wa urithishaji mara nyingi huandikwa na ofisa ajira usiku wa kuamkia siku ya kupeleka maombi, linawekwa jina la Mtanzania yeyote aliyepo kwenye orodha, na mwenye jina mwenyewe anaweza asijue kamwe kwamba aliwahi kuwa mrithi wa mtu. Nilishawahi kuambiwa kwa bahati tu, na karani mmoja, kwamba jina langu lilitumika hivyo katika shirika dogo nililowahi kufanyia kazi. Nahodha niliyetakiwa kumrithi sikupangiwa naye hata zamu moja.

Sasa nije kwenye kiti cha kulia, maana hapo ndipo hasira yako ina haki yote. Kijana wa shemeji yako akitafuta tangazo la kazi ya rubani msaidizi, atakuta linadai saa 500 kwenye aina fulani ya ndege. Aina hiyo labda imeingia nchini mwaka jana. Ni Mtanzania gani ambaye angekuwa na saa hizo, na angezipatia wapi? Tangazo kama hilo linawekwa kwa faida ya jalada, ili mwajiri aweze kuandika kwamba alitangaza na wazawa hawakukidhi vigezo. Wakati huohuo, kwenye kampuni za ndege ndogo zinazopeleka watalii Seronera na Kogatende huko Serengeti, na Mafia, utawakuta vijana kutoka Ulaya na Afrika Kusini waliokuja na saa zilezile 250 alizonazo kijana wetu. Wanakuja kukusanya saa, kama wenzao wanavyofanya Maun kule Botswana, na wakifika 1,000 wanaondoka kwenda kuomba kazi kwenye mashirika ya kwao. Wapo wanaokubali mshahara ambao kwa baba mwenye watoto hautoshi, kwa sababu wazazi wao wanawatumia fedha, na katika biashara hii duniani wapo hata wanaolipa wao wenyewe ili wakalie kiti hicho. Abiria hajui kwamba mtu anayemsalimia mlangoni amenunua nafasi.

Kiti hicho ndicho ngazi yetu ya kwanza. Kila saa anayoipata mgeni pale ni saa ambayo Mtanzania hataipata, na baada ya miaka mitano tutaambiwa tena kwamba hatuna manahodha, jambo ambalo wakati huo litakuwa kweli. Kwa maoni yangu Kamishna wa Kazi hapaswi hata kupoteza muda kusoma maombi ya kibali cha rubani msaidizi mwenye saa chini ya 1,500.

Wahindi walipitia hayahaya. Mashirika yao yalipoongezeka kwa kasi baada ya mwaka 2003 waliajiri manahodha wa kigeni kwa wingi huku maelfu ya vijana wao wenye leseni wakizurura, serikali ikaweka tarehe ya kuwaondoa wageni, kisha ikaisogeza mbele zaidi ya mara moja kwa kuwa tarehe peke yake haifundishi mtu. Wahabeshi walifanya vizuri zaidi. Shirika lao, Ethiopian Airlines, lilianzishwa mwaka 1945 kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani ya TWA, marubani wa mwanzo wakiwa wageni, lakini shabaha ya makubaliano ilikuwa kwamba Wahabeshi wafundishwe hadi waliendeshe wenyewe. Mwaka 1957 nahodha wao wa kwanza, Alemayehu Abebe, alikuwa tayari kwenye kiti cha kushoto, na mwaka 1971 uongozi wa shirika ukashikwa na Mhabeshi. Leo vijana wa nchi nyingi za Afrika wanakwenda kusoma Addis Ababa. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na chuo cha pamoja Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1971, lakini miaka sita baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila mmoja akaondoka na kipande chake. Kwamba sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kimeingia katika kazi ya kufundisha marubani ni habari njema, ila chuo kinamfikisha mtu kwenye leseni, hakimpi saa wanazodai waajiri.

Waajiri nao wana lao la kusema, na usikasirike nikikutaja. Wanasema wakimlipia Mtanzania mafunzo ya aina mpya ya ndege, gharama ambayo huweza kufika makumi ya maelfu ya dola, hauishi mwaka wa pili kabla hajapanda ndege kwenda Ghuba. Ni kweli, na nakumbuka sherehe yako ya kuaga ilivyokuwa ya furaha. Lakini mtu anayelipwa kwa shilingi, akikaa bega kwa bega na mwenzake wa cheo kilekile anayelipwa kwa dola pamoja na nyumba na tiketi za likizo, mkataba wa kumfunga miaka mitatu hautamzuia kwa muda mrefu. Wapunguze pengo hilo, ndipo wadai uaminifu.

Nawe pia, Baba Nasra, huko Muscat ndiye mgeni. Umeniandikia kwamba manahodha wawili unaoruka nao ni Waomani wanaozungumza Kiswahili cha Unguja, na kwamba sera yao ya kumtanguliza Mwomani inasimamiwa bila utani. Je, ulipoajiriwa uliingia kwenye kiti gani, na uliwekewa sharti gani la kufundisha? Swali hili silikuulizi kwa kejeli. Hata hapa kwetu bado hatujakubaliana kama Mkenya ni mgeni, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayohusu pia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010. Mimi naona kijana wa Nairobi na wa Tabata wapewe nafasi sawa kwa masharti yanayofanana pande zote mbili, lakini wenzangu wengi wananizomea ninaposema hivyo.

Wenzetu kadhaa tunaandaa maoni ya kupeleka wizarani na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tunataka mgeni wa kiti cha kushoto atajwe pamoja na Watanzania wawili anaowafundisha, zamu zao za pamoja zikaguliwe kwenye vitabu vyao vya saa kabla kibali hakijaongezwa, na kiti cha kulia kibaki kwa wazawa pasipo msamaha. Wapo wanaosema Watanzania wawili ni wengi mno. Kwa hiyo nakuomba uniandikie jinsi shirika lako linavyopanga mafunzo ya Waomani chini ya manahodha wa kigeni, ni saa ngapi zinazodaiwa na nani anazikagua, bila kunitumia hati yoyote itakayokuletea matatizo kazini. Ukiweza kuniandikia kabla ya mwisho wa mwezi nitashukuru, kwa sababu kikao chetu kimepangwa wiki ya kwanza ya Juni.

Kuhusu kijana, mwambie shemeji yako amlete kwangu Jumamosi na kitabu chake cha saa pamoja na cheti cha afya. Kuna kampuni moja ya Arusha inayotafuta msaidizi wa Caravan, na nahodha wao mkuu ni mtu ninayemfahamu.

Msalimie sana Mama Nasra na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Baba Imani