Miaka 44 bungeni haistahili nusu sentensi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini makala mliyoichapisha kuhusu safari ya kisiasa ya Ilhan Omar, mwanasiasa wa Marekani mzaliwa wa Somalia, imenishinda kuinyamazia. Kwamba aliishi katika kambi ya wakimbizi ya Utange hapa Mombasa kabla ya kufika Bunge la Jimbo la Minnesota mwaka 2017 ni jambo linalotugusa sisi wa Pwani, na ushindi wake ulikuwa halali. Kinachoniudhi ni kwamba mama aliyeshindwa naye katika mchujo wa Agosti 2016 mmemtaja kama mkongwe aliyeng'olewa, basi, hata jina hamkuliandika.

Anaitwa Phyllis Kahn. Alikuwa mwanasayansi katika Chuo Kikuu cha Minnesota alipochaguliwa mwaka 1972, na kwa kuwa huko uchaguzi wa wajumbe hufanyika kila baada ya miaka miwili, alirejea kwa wapiga kura mara kwa mara hadi akachaguliwa mara 22 mfululizo. Yeye ndiye aliyesimamia sheria ya mwaka 1975 iliyolifanya jimbo hilo kuwa la kwanza Marekani kuwatenga wavutaji sigara na wasiovuta katika maeneo ya umma. Mimi nina pumu, Mhariri. Kenya ilitunga sheria yake ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, lakini mwaka jana, katika mkahawa mmoja wa mjini humu, nilipomwomba mhudumu amsihi jirani yangu azime sigara, alichukua sahani yangu ya pilau akaipeleka uani, kando ya jiko la mkaa, akaniambia huko kuna upepo, nami nikala nikikohoa huku mwenye sigara akibaki kwenye kiti chake. Mliokaa kwenye hewa safi mnawezaje kumpitia juu juu aliyeipigania?

Kasoro hiyo hiyo iko kwetu. Tangu mwaka 2013 tuna mabunge ya kaunti, lakini mwakilishi wadi wangu namfahamu kwa gari lake na kwa matanga anayohudhuria. Mswada wake hata mmoja sijausoma kwenu.

Naomba kila mnapoandika habari za mtunga sheria, mweke kando ya picha yake kisanduku kinachotaja miswada aliyoiwasilisha, iliyopita na mwaka ilipopita. Anzeni na Kahn Jumamosi hii, kisha wadi zote 30 za Mombasa zifuate, moja kila wiki.

Msomaji wenu,
Mombasa