Tuombee uumbaji, kisha tushuke ufuoni

Mhariri,

Kila Septemba 1 Wakristo wengi duniani huombea uumbaji. Patriaki Dimitrios wa Kanisa la Othodoksi aliitenga siku hiyo mwaka 1989, na Papa Francis akaiingiza kwa Wakatoliki mwaka 2015. Naomba makanisa yote ya Mombasa yaipe uzito.

Tumezoea kuomba mvua ikikawia, na kuomba ikome mitaa ikifurika. Ni haki yetu, mwenye mvua ni Mungu. Lakini toba je? Pita Mikindani maji yakipwa uone mizizi ya mikoko ilivyonasa chupa za plastiki na nepi, na kando yake visiki vya miti iliyokatwa kuni. Mikoko hiyo ndiyo inayokinga ufuo usiliwe na mawimbi, na ndimo wanamokulia kamba na samaki wachanga. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sisi tumewekwa hapa.

Wachungaji na mapadre, Septemba ijayo ibada ikiisha tushuke ufuoni na magunia. Majirani zetu Waislamu tuwaalike pia, bahari ni yetu sote.

Muumini,
Mikindani, Mombasa