Kabla hujaitupa amplifaya ndogo ya besi, irudishe chini hiyo nobu ya besi

Mhariri,

Nimesoma ile barua ya msomaji aliyesema vijana wa bendi za mtaani hapa Mombasa waache kupoteza pesa kwa amplifaya ndogo za besi, zile za wati 15 ama 25, ati ni za kuchezea tu na ukiongeza sauti kidogo zinaanza kukoroma, kwa hivyo bora mtu akae bila mpaka apate pesa ya kubwa. Mimi sikubaliani naye kabisa. Ushauri kama huo ndo unafanya kijana mwenye kipaji anaweka gitaa chini akingoja pesa ambayo haiji, na huku ile ndogo aliyo nayo ingemtosha mazoezi ya sebuleni, kwaya ya kanisa dogo, hata taarab ya watu wachache isiyo na dramu, kama tu angejua kuitumia. Tena ndogo unavuka nayo feri ya Likoni umeibeba mkononi, unapanda nayo tuktuk, ile kubwa itakubidi ukodi gari.

Shida kubwa iko kwa nobu ya besi. Karibu kila mpigaji ninayemwona akichomeka gitaa, kitu cha kwanza anaizungusha besi mpaka mwisho, alafu anashangaa mbona sauti inapasuka. Sasa sikizeni. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ile E, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na la nyuzi tano ile B inashuka mpaka kama 31. Gitaa la kawaida E yake ni 82. Spika ikitaka kuitoa hiyo 41 kwa ukubwa ule ule wa 82, koni yake, ile karatasi inayotikisika, lazima isogee mbele na nyuma mara nne zaidi, si mara mbili, mara nne, na spika ya inchi 8 ndani ya kiboksi haina nafasi hiyo. Juu ya hapo ukiongeza besi kwa desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) ushaidai amplifaya wati mara mbili kwa hizo noti za chini, ukiongeza desibeli 10 ushaidai mara kumi, yaani inayotaka wati 20 sasa inataka 200, itazitoa wapi? Inafika mwisho wa umeme wake, mawimbi yanakatwa vichwa, na huo ndo mkoromo tunaousikia.

Na kinachoniuma ni kwamba hizo wati zote zinamalizwa na sauti ambayo sikio lenyewe halisikii vizuri. Wanasayansi Fletcher na Munson walilipima jambo hili huko Marekani wakachapisha matokeo 1933, kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, zinahitaji nguvu nyingi zaidi kuliko za katikati ndo zisikike sawa. Alafu noti ya E haiji peke yake, inakuja na wenzake wa 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ukiwapata hao wenzake unaijaza wenyewe ile ya chini hata kama spika haikuitoa. Ndo maana kwenye spika ya simu, ambayo besi haina kabisa, bado unaweza kuifuata laini ya besi ya wimbo.

Kwa hivyo irudishe besi chini ya katikati, midi, yaani sauti za katikati, uipandishe, na kama amplifaya yako ina ikwalaiza, zile nobu za kugawa sauti, pandisha kuanzia hezi 250 mpaka 800 hivi, yaani mitikisiko kwa sekunde. Gaini, nobu ya sauti inayoingia, iweke mahali ambapo hata ukipiga kwa nguvu haikwaruzi, kisha ndo upandishe masta, nobu ya sauti inayotoka. Watu wengi wanafanya kinyume, gaini juu masta chini, wanapasua sauti mlangoni alafu wanalaumu spika. Ukiwa peke yako chumbani utaona sauti imekuwa nyembamba, haina utamu, vumilia, maanake ukiingia na kinanda na mwimbaji unasikika kila noti, na ile sauti nene ya chumbani ndo inayomezwa bendi ikianza. Kwa muziki wetu wa huku hili ni la maana sana. Besi ya chakacha, ile ngoma yetu ya Pwani, haikai pahali pamoja ikinguruma, inaruka, inasimama, inajibizana na ngoma, na zile bendi zilizokulia kwenye mahoteli ya Pwani kama Them Mushrooms na Mombasa Roots, ukizisikiza vizuri besi zao unaweza kuziimba kwa mdomo. Ukiweka mngurumo mtupu hapo chakacha ishakufa.

Vidole pia. Mtu anayepiga kwa hasira anatoa mapigo yenye kilele kirefu sana kushinda sauti yake ya kawaida, na amplifaya inapasuka kwa vile vilele tu, muda wote uliobaki iko chini ya uwezo wake. Piga kwa utulivu, nguvu sawa kila noti, ongeza masta, utapata sauti kubwa zaidi na safi. Pedali ya kompresa inafanya kazi hiyo hiyo kwa umeme, inavishika vilele, lakini vidole havinunuliwi. Na kama gitaa lako ni lile la betri ya volti 9 badilisha betri kabla hujalaumu kitu kingine chochote, betri ikiishiwa sauti inadhoofika na kupasuka sawasawa na amplifaya mbovu.

Mahali unapoiweka ni nusu ya habari. Spika ndogo sauti zake za kati na za juu zinaenda mbele moja kwa moja, sasa ikiwa iko sakafuni nyuma ya miguu yako, magoti ndo yanasikia, wewe husikii, unaongeza, na aliyekaa mbele anaumia masikio. Iache sakafuni karibu na ukuta kwa sababu sakafu na ukuta vinairudishia besi desibeli kadhaa za bure, lakini iinue uso kwa tofali ama kipande cha mbao iangalie kichwa chako. Pembeni kabisa kwenye kona besi inazidi, kwa vyumba vingine inakuwa uvumi tu, isogeze kidogo kidogo mpaka usikie noti zinaachana. Na hapa niseme neno kwa wanaofanya mazoezi Majengo na Mji wa Kale ambako nyumba zimeshikana: sauti za chini ndo zinazopenya kuta, za kati zinazuilika kwa urahisi zaidi, kwa hivyo ukipunguza besi jirani naye anapumzika, na kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2009 zipo, mtu asije akanyang'anywa vifaa kwa ajili ya mngurumo ambao hata wenzake kwenye bendi hawausikii.

Ukishafanya hayo yote na bado haitoshi, pesa uliyo nayo ipeleke kwa spika kwanza kabla ya wati. Kila spika ina kipimo chake cha desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, na spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 ni sawa na kuongezewa wati mara mbili bila kugusa amplifaya. Ila boksi dogo, besi ya chini na sauti kubwa havikai pamoja vyote vitatu, lazima kimoja ukiache, na mimi naona cha kuacha ni besi ya chini. Kama amplifaya ina tundu la spika ya nje unaweza kuongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza, lakini soma kwanza nyuma imeandikwa isishuke chini ya omu ngapi (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme), maanake spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na kama haikutengenezewa 4 utaiunguza. Ikiwa inakubali, unapata koni mbili na wati zaidi kwa pamoja, hadi desibeli 6 mambo yakienda sawa, na hizo ni kama kuwa na wati mara nne.

Dramu za kweli zikiingia hapo sidanganyi mtu, wati 20 haziwezi. Hapo toa waya kwa laini auti, lile tundu la kutolea sauti, ama kwa kisanduku cha DI kinachounganisha gitaa na miksa, upeleke kwenye miksa ya kanisa ama ya ukumbi, spika kubwa zibebe wasikilizaji, na yako ndogo ikae karibu nawe ujisikie mwenyewe tu.

Jambo moja linanitia hofu, nalo ni wale wanaovunja ama kuacha bila waya ile pini ya ati ya plagi, yaani ya waya wa ardhini, ili kuondoa mlio wa umeme. Umeme wetu ni volti 240 na nyuzi za gitaa ni chuma mkononi mwako, ikitokea hitilafu ndani ile pini ndo inayokuokoa. Mlio utafutiwe dawa kwa kubadilisha waya wa gitaa, kusafisha jeki ambazo hewa yetu ya bahari inazipiga kutu haraka, ama kusogea mbali na taa na chaja za simu. Wala usifungue amplifaya mwenyewe, kapasita zinakaa na umeme hata ukishachomoa, mpe fundi.

Sasa nirudi kwako mhariri, maanake gazeti lina sehemu yake. Madukani mjini kijana anaonyeshwa kiboksi kimeandikwa maelfu ya wati za PMPO, analipa, akifika nyumbani kinazidiwa na amplifaya ya wati 25 za kweli. PMPO haina kipimo kinachokubaliwa, mwenye kiwanda anaandika anachotaka, kipimo chenye maana ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinazitoa mfululizo. Naomba mkipokea tangazo la spika ama amplifaya mumuulize mwenye duka aandike wati za RMS, omu, na desibeli za spika kwa wati moja. Ni mstari mmoja tu kwenye tangazo, na kijana wa Kisauni ama Changamwe ataweza kulinganisha vifaa viwili kabla ya kutoa pesa yake.

Mpigaji besi,
Likoni, Mombasa