Daktari akiuliza kwa dharau, mgonjwa huficha

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza kuhusu namna baadhi ya madaktari wetu wanavyoitazama tiba asili.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari, katika hospitali moja hapa Tanga. Kabla hatujaketi vizuri, daktari, macho yakiwa kwenye faili, alimuuliza, "Bibi, au na wewe unakunywa hiyo mitishamba yenu?" Shangazi akajibu kwamba hanywi. Mimi nilijua kuwa kila alfajiri alikunywa kikombe cha majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, lakini nami nikanyamaza, na ukimya huo ninaujutia hadi leo. Aliongezewa vidonge. Siku chache baadaye tulimkuta jikoni ameanguka, jasho likimtiririka na kauli haitoki, kwa kuwa sukari ilikuwa imeshuka mno. Baadaye tulielezwa kwamba mwarobaini nao unaweza kushusha sukari, hivyo ni hatari kuuchanganya na vidonge bila daktari kujua.

Simlaumu daktari kwa kutilia shaka dawa ambayo haijapimwa, maana wapo waganga wanaodai kutibu kila maradhi, na wagonjwa wao hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Ninachokilalamikia ni dharau, kwa sababu ndiyo iliyomfunga shangazi mdomo.

Tena dharau hiyo haina msingi. Dawa mseto ya malaria anayoiandika daktari kila siku ina asili yake katika mmea wa artemisia, uliotumika kwa karne nyingi katika tiba ya jadi ya China, na mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua dawa iliyomo katika mmea huo. Nchini kwetu ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, lipo Baraza linalosajili waganga, na Muhimbili ipo taasisi inayozichunguza dawa hizo. Hapa Tanga kwenyewe, madaktari na waganga walikwishashirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Ninaloomba ni dogo: kila mgonjwa aulizwe kwa upole anachotumia nyumbani, na jibu liandikwe kwenye faili. Daktari anayemhudumia shangazi sasa alimwomba ayalete majani yenyewe, naye akayapeleka yamefungwa kwenye pindo la kanga.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga