Pengo la gego halionekani, lakini linatembea

Wengi wanaofika hapa kliniki kwetu Temeke kuuliza meno ya bandia wanakuja kwa ajili ya jino la mbele. Likitoka, mtu anacheka kaziba mdomo kwa kiganja, na wiki mbili hazipiti ameshafika. Gego je? Watu wanakaa nalo pengo miaka. "Daktari, si la nyuma tu, nani ataliona?"

Kuna mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga, aling'olewa magego mawili ya chini kushoto zaidi ya miaka kumi iliyopita. Alikuja kwetu kwa sababu fizi ya pale penye pengo ilikuwa inamchoma kila akitafuna. Tukampa kioo, tukamwomba aume taratibu. Akaona mwenyewe: gego la juu lilikuwa limeshuka mpaka linagusa fizi ya chini. Jino lenyewe zima, halijatoboka, ila limeacha mstari wa wenzake na kuning'inia peke yake. Hapo hata tungetaka kumtengenezea meno ya bandia siku ileile, tungeyaweka wapi? Ilibidi kwanza tuling'oe lile la juu. Jino zima limepotea kwa sababu ya mapengo yaliyokuwa upande wa pili.

Jino halikai mahali pake kama msumari kwenye ubao. La juu linazuiwa na la chini wanapokutana, na la kushoto linaegemea la kulia. Fikiria siti ya nyuma ya daladala: abiria mmoja akishuka, waliobaki wanajiachia, huyu anainama huku, yule anatanua magoti. Meno nayo ni hivyohivyo, ila yanachukua miezi na miaka. Jirani wa pengo analala upande, panafanyika kiupenyo ambacho nyama inanasa na mswaki haufiki, na baada ya muda na huyo jirani anatoboka au fizi yake inaanza kuvuja damu.

Mfupa nao haubaki ulivyo. Ule uliokuwa unalishika jino hauna kazi tena, kwa hiyo unapungua, na kasi kubwa ni katika miezi ya mwanzo baada ya kung'oa. Meno yakiwa yametoka mengi, ndiyo unaona shavu linaingia ndani na mtu anaonekana mzee kuliko umri wake. Tuseme wazi: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii mfupa kupungua. Yanachofanya ni kuziba nafasi ili majirani wasilale na la juu lisishuke, na kukurudishia kutafuna pande zote mbili. Nguvu yake haifiki ya jino la asili, lakini mtu aliyekuwa amesusa karanga na mishikaki anarudi mezani.

Yapo ya aina mbili kuu. Ya akriliki, ambayo wengi wanayaita ya plastiki, ni nafuu na ni rahisi kuyaongezea jino baadaye, ila ni manene kidogo na yakidondoka yanavunjika. Ya chuma, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, ni membamba na imara, na yakipangwa vizuri yanaegemea zaidi kwenye meno yaliyobaki kuliko kwenye fizi. Haya bei yake iko juu. Kama umebakiwa na meno imara ya kuyashikilia na mfuko unaruhusu, sisi tunashauri ya chuma.

Usitegemee kuja asubuhi ukaondoka nayo jioni. Kwanza tunakagua na kutibu yaliyotoboka. Halafu tunachukua vipimo: trei yenye unga uliokorogwa na maji inawekwa mdomoni, inaganda kwa dakika chache, na humo tunamwaga plasta kupata umbo la kinywa chako. Siku nyingine unauma nta ili tujue taya zako zinavyokutana, kisha unajaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Hapo ndipo pa kusema kama rangi hujaipenda. Usituonee haya, maana yakishakamilika kubadilisha ni kazi.

Ndiyo maana tunaumia tukimpokea mtu aliyewekewa jino mtaani kwa dakika ishirini. Plastiki imemwagwa mbichi juu ya fizi, ikagandia humohumo, haivuliki wala haisafishiki. Tukiikata, chini yake tunakuta fizi imevimba, inatoa harufu, na mara nyingine majirani wawili waliokuwa wazima sasa wanacheza.

Wiki za kwanza mate yatajaa na maneno yatateleza, hasa yenye s na f. Soma kwa sauti nyumbani, hesabu "sita, saba, sabini na sita" mpaka ulimi uzoee. Anza na vyakula laini, kata vipande vidogo, tafuna pande zote. Pakichubuka rudi tupasawazishe. Usichukue msasa wala kisu.

Usiku vua, yaweke kwenye maji, fizi zipumzike. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kwa sababu dawa nyingi za meno zina chembe zinazoikwaruza plastiki. Maji ya moto hapana kabisa: yanapinda na hayarudi. Osha juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasipige sakafu. Na ukiwa hotelini usiyafunge kwenye tishu ukaweka pembeni ya sahani, mhudumu atayakusanya pamoja na mifupa. Wateja wetu kadhaa yamewapotea hivyohivyo.

Umeng'oa jana? Njoo tuongee mapema. Kwa kawaida tunasubiri wiki kadhaa kidonda kipone, lakini la mbele tunaweza kukutengenezea la muda, kisha tukalirekebisha fizi ikishatulia.

Na kama ya zamani yamevunjika, usiyagundishe kwa gundi. Vipande vikishaungwa vibaya hatuwezi tena kuvikutanisha sawasawa. Kusanya vyote, hata kile kidogo kama punje ya mchele, vifunge kwenye kitambaa uje navyo.